Alizaliwa Kabla ya Siku Zake, Sasa Shuleni Wanasema ni Mkaidi

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkulima, naishi kata ya Nyakitonto, wilaya ya Kasulu. Mwanangu wa kwanza ana miaka sita na mwaka huu ameanza darasa la kwanza. Nilimzaa mimba ikiwa na wiki 31, akiwa na kilo 1.4. Tulikaa hospitalini zaidi ya mwezi.

Kimwili sina la kulalamika, anakula na anakimbia. Shida ni tabia. Akisikia mashine ya kusaga anaziba masikio na kulia. Darasani wenzake wakiimba kwa nguvu anaingia chini ya dawati. Ukimtuma vitu viwili analeta kimoja, au unamkuta amesimama njiani anaangalia mchwa. Hachezi na wa rika lake, anacheza na mdogo wake wa miaka minne. Usiku hataki nitoke hata kwenda chooni. Mwalimu ananiambia ni mzito na mkaidi, na ameshachapwa mara kadhaa kwa kutomaliza kuandika.

Mume wangu anasema nimemdekeza. Mama mkwe anasema njiti huwa hawakomai, tena anahisi kuna mkono wa mtu, twende kwa mganga. Mimi usiku nawaza kwamba ni kwa sababu nililima mpaka siku ile ile uchungu ulipoanza. Je, atakuja kuwa sawa na wenzake? Nimrudishe darasa la awali? Na je, ni kosa langu?

Mama wa Nyakitonto

Mwanangu,

Swali uliloliweka mwisho ndilo nitakalolijibu kwanza, maana mama anayejilaumu usiku kucha hana nguvu za kumlea mtoto kama huyo asubuhi. Si kosa lako. Mtoto huhesabiwa njiti akizaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37, na sababu ni nyingi: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au ya uzazi, shinikizo la damu la ujauzito, mapacha, mimba zilizofuatana bila mama kupumzika. Mara nyingi hata daktari hapati sababu ya kuandika kwenye faili. Duniani kote karibu mtoto mmoja katika kila kumi huzaliwa hivyo, na Kigoma ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania inayosumbuliwa sana na malaria. Kazi nzito inaweza kuchangia, hilo sitakuficha. Lakini niambie, nani alikuja kukupokea jembe ukiwa na tumbo la miezi saba? Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa na mama mwenye ajira anayejifungua njiti akaongezewa likizo. Nililifurahia jambo hilo. Mama wa shambani hana wa kumpa likizo ila watu wa nyumbani kwake, na wao wasipompa, lawama isimrudie yeye.

Sasa tuje kwa mtoto.

Mwanao alikosa wiki tisa za tumboni. Ni wiki ambazo ubongo hukua kwa kasi kubwa sana. Mikunjo yake hujitengeneza, na nyuzi zinazounganisha sehemu ya kusikia, ya kuogopa na ya kutulia hufungwa. Tumboni kazi hiyo hufanyika gizani, kwenye maji ya vuguvugu, sauti zikifika kwa mbali. Yeye aliimalizia nje, chini ya taa, kwa mpira wa kulishia puani, kwa sindano za kisigino na plasta zinazobanduliwa kwenye ngozi laini kuliko karatasi. Ni kama familia iliyohamia kwenye nyumba kabla ya lipu: nyumba inakalika, na mafundi wanaendelea na kazi watu wakiwa ndani, ila kila kelele ya nje inaingia moja kwa moja mpaka chumbani.

Madaktari wa nchi nyingi wamewafuatilia watoto waliozaliwa mapema sana, tangu wodini mpaka utu uzima. Walichokikuta kinafanana mno na barua yako. Wengi wa wenye shida huonyesha mambo matatu yanayokwenda pamoja: akili kutotulia kwenye jambo moja, woga na wasiwasi, na ugumu wa kuingiliana na wa rika lao. Ukorofi, ubishi wa makusudi na kupigana si sehemu ya mambo hayo matatu. Kwa hiyo mwalimu anapoona ukaidi, anaona mtoto aliyezidiwa na kelele, aliyesahau nusu ya maagizo, na anayeogopa kuuliza. Kijana wako anayeingia chini ya dawati hapingani na mtu. Anatafuta mahali ambapo sauti ni ndogo.

Si kila njiti huwa hivi. Kadiri mtoto anavyozaliwa mapema zaidi ndivyo uwezekano unavyoongezeka, na waliozaliwa wiki ya 31 wengi wao husoma shule za kawaida, na wapo ambao huwezi kuwatambua kabisa. Wengine hubaki na chembe ya wasiwasi hata ukubwani na wanafanya kazi zao na kulea watoto wao. Doris Mollel, mwanzilishi wa taasisi yenye jina lake inayowatetea watoto njiti nchini, mwenyewe alizaliwa na gramu 900. Mwambie hivyo mama mkwe, kwa heshima, siku nyingine akisema njiti hawakomai.

Kabla ya lolote, nataka masikio na macho ya mtoto yapimwe. Hili nalisisitiza kwa sababu linasahaulika kuliko yote. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata shida ya kusikia, hasa waliougua manjano kali au waliopewa baadhi ya dawa za sindano za kutibu maambukizi. Hewa ya oksijeni iliyookoa maisha yao nayo inaweza kuacha athari kwenye macho. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Asiyeona ubao vizuri huonekana mvivu wa kuandika. Na usidhani kwamba kwa kuwa anaogopa mashine basi anasikia vizuri, la hasha. Mtoto anaweza kuumizwa na kelele kubwa na bado akakosa maneno ya mwalimu anayeongea kwa sauti ya kawaida. Jioni moja simama nyuma yake, asikuone, umnong'oneze jina lake na kitu anachokipenda. Kisha rudia upande wa pili. Hicho si kipimo cha daktari, ila kitakuamsha.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, ubebe kadi yake ya kliniki na karatasi za kuruhusiwa hospitalini kama bado unazo. Waambie waziwazi kwamba alizaliwa wiki ya 31, kwa kilo 1.4, usisubiri waulize. Wampime na wingi wa damu, malaria na minyoo, maana mtoto mwenye upungufu wa damu naye husinzia na kusahau. Vifaa vya masikio na macho vikikosekana, omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Kigoma. Najua nauli inauma. Lakini ziwe fedha za kwanza kabla ya zile zinazotajwa kwa mganga.

Kuna dalili ambazo ukiziona hutasubiri siku ya soko: degedege au kukodoa macho akipotea kwa sekunde kadhaa, kusahau maneno aliyokwisha kuyajua, kutembea kwa ncha za vidole huku miguu imekaza, kujiumiza mwenyewe. Katika barua yako sijaona hata moja kati ya hizo, na nimeshukuru.

Sasa shule. Kwanza fimbo ikome, na hapa sikuombi uende kupiga magoti. Kanuni za adhabu ya viboko katika shule za Tanzania zinampa mamlaka hayo mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Inatakiwa iwe kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na kuchelewa kumaliza mstari wa herufi si utovu wa nidhamu. Zaidi ya sheria, kuna ukweli wa mwili: mtoto mwenye wasiwasi akichapwa, woga unapanda, na akili iliyojaa woga haiwezi kushika herufi. Fimbo inaongeza kile kile inachodaiwa kukitibu.

Nenda shuleni na mume wako, nyote wawili. Baba akikaa pale ofisini, maneno yanapata uzito, na yeye mwenyewe atasikia mambo ambayo ukimweleza wewe nyumbani huyaita udekezaji. Mweleze mwalimu historia ya kuzaliwa kwake bila kulalamika, kisha muombe mambo anayoyaweza hata katika darasa lililojaa: amkalishe mbele, mbali na mlango; amwite jina kwanza, wakishatazamana ndipo ampe agizo; ampe mistari miwili ya kuandika, akimaliza ampe mingine miwili; na nyimbo zinapoanza amruhusu asimame karibu na dirisha. Amtume kuleta chaki au kugawa madaftari, maana mtoto asiyejua kuanzisha urafiki huupata kwa urahisi akiwa na kazi mkononi. Walimu wetu wana mzigo mkubwa, na wengi hawakufundishwa chuoni habari za watoto njiti. Ukimpa mwalimu maelezo, nina imani atabadilika kuliko ukimpa lawama.

Kumrudisha awali? Mimi nasema hapana, isipokuwa kama siku shule inafunguliwa alikuwa bado hajatimiza sita. Mwanzoni, mpaka miaka miwili hivi, umri wa njiti huhesabiwa kwa kutoa wiki alizokosa. Akiwa na mwaka mmoja wewe ulitakiwa kumtazama kama mtoto wa miezi kumi. Akifika sita, wiki tisa hizo si sababu tena ya kumwondoa kwa wenzake. Kumchelewesha peke yake hakumtibu. Shida itamfuata huko awali, ikiwa na aibu juu yake. Abaki darasa la kwanza, na ifikapo likizo ya Juni mkae na mwalimu mtazame tena.

Nyumbani ndiko kwenye kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Ujerumani, katika jimbo la Bavaria, watafiti waliwatazama mama na watoto wao wa miaka sita, umri huu huu wa mwanao, wakifanya kazi pamoja. Wapo waliomnyang'anya mtoto kazi wakaimaliza wao. Wapo waliofoka. Na wapo waliokaa karibu, wakamwelekeza kwa upole, wakamwacha mtoto ajaribu mwenyewe. Watoto waliozaliwa mapema sana ambao wazazi wao walikuwa wa aina hiyo ya mwisho, walipofika miaka 13 walikuwa wanasoma karibu sawa na waliozaliwa siku zao zilipotimia. Mtoto njiti huumizwa zaidi na ukali, na upole humsaidia kuwafikia wenzake. Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na mume wako. Kumtuliza mtoto anayeogopa si kumdekeza. Kumdekeza ni kumfanyia kila kitu asijaribu, na hilo nalo uliangalie, maana akina mama wa watoto waliokaribia kufa huwa wepesi wa kumvalisha mtoto hata anapoweza kuvaa mwenyewe. Mvumilie kifungo kimoja mpaka akiingize.

Chukua sinia, mwaga maharage machache yaliyochanganyika, ya njano na mekundu. Keti naye mkekani, mwambie atoe mekundu tu. Usianze na debe, anza na viganja viwili. Ukiona macho yamekimbilia mlangoni usimgombeze. Gusa sinia kwa kidole, sema "tumebakiza haya," umsubiri. Acheni angali anafurahia, ili kesho atake tena. Akizoea, ongeza. Siku nyingine muite mtoto mmoja wa jirani, mmoja tu, mwenye utaratibu, wachambue pamoja. Urafiki wa wawili ataumudu kabla ya kundi la watoto kumi uwanjani. Kucheza na mdogo wake usikukataze. Kwa mdogo wake anajifunza kuongoza bila kuogopa kuchekwa.

Unapomtuma, mtume kitu kimoja, na kabla hajaondoka aseme alichotumwa. "Unakwenda kuleta nini?" "Kikombe." Akishaleta kimoja wiki nzima bila kukosa, fanya viwili. Kwa kuzoezwa hivyo, kidogo kidogo, atazoea kushika anachotumwa.

Mashineni usimburute. Mwambie kabla hamjatoka nyumbani kwamba itanguruma, kwamba mtasimama mbali, na kwamba akichoka akuambie. Akitaka kuziba masikio, mwache azibe. Safari nyingine sogeeni hatua chache. Na usiku usitoroke akiwa amepitiwa na usingizi, kwa sababu akizinduka na kukukosa mara moja tu, woga wake umepata ushahidi. Mwambie unakwenda, mwachie tochi, mwimbie ukiwa nje asikie sauti yako mpaka unaporudi. Siku zake zifanane: muda wa kula, wa kuoga, wa kulala. Mtoto wa aina hii hutulia akijua kinachofuata.

Na jina hilo la njiti liondoke midomoni mwa watu wa nyumbani. Lina kazi yake hospitalini. Yeye ana jina lake, aitwe kwa hilo.

Kwa mama mkwe nenda taratibu. Ni bibi wa mtoto, anaogopa kama unavyoogopa, na maelezo aliyonayo ndiyo aliyorithi. Usishindane naye mbele ya watu. Mpe kazi: awe ndiye anayemsimulia hadithi jioni, mahali tulivu, mtoto akiwa pajani. Lakini kwa mganga asipelekwe. Chale na dawa za kunywa zisizojulikana kipimo zinaweza kumdhuru, na zitamfundisha mtoto kwamba ana kitu kibaya ndani yake. Hana.

Hujaniandikia kama kule wodini ulimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaruu. Kama ulimbeba, jua kwamba ulikwisha kuanza kumtibu. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na watoto na vifaa vikawa vichache. Watoto waliobebwa hivyo walitafutwa tena miaka 20 baadaye, wakakutwa na utulivu zaidi na ukali kidogo kuliko wenzao, na shule hawakuikosa ovyo. Hospitali ya Muhimbili nayo ilishiriki utafiti wa nchi tano uliotoka mwaka 2021, ulioonyesha kwamba kumbeba mtoto hivyo mara tu anapozaliwa, bila kusubiri kwanza apate nguvu, kunapunguza vifo kwa robo. Kama hukupata nafasi hiyo, mkumbatie sasa. Miaka sita si mingi.

Wasomaji wengine wenye wajawazito nyumbani, huko Kasulu na Kibondo na kwingineko, naomba mnisikie: chandarua, dawa ya kinga ya malaria kliniki, kupimwa shinikizo la damu na mkojo kila hudhurio, na angalau miaka miwili kati ya mtoto kuzaliwa na mimba nyingine. Na mume achukue jembe mimba inapokuwa kubwa.

Serikali ina programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, na inawahusu watoto mpaka miaka minane. Mwanao bado yumo. Kwa hiyo unapomwendea mhudumu wa afya ngazi ya jamii au afisa ustawi wa jamii, huombi fadhila, unadai kilicho haki ya mtoto. Na wewe mwenyewe, kama machozi yanakutoka kila siku, au usingizi umekukimbia, au huoni tena raha ya kitu chochote, mwambie mhudumu huyo huyo. Akina mama wengi waliozaa njiti hubaki na hofu miaka mingi, wakinyamaza kwa kuwa mtoto alipona na watu wanawaambia washukuru tu. Hofu hiyo inatibika, na mtoto mwenye wasiwasi hutulia mama yake akitulia.

Wiki hii nakuomba mambo mawili tu. Mpeleke kijana akapimwe masikio na macho, na uende na baba yake kuonana na mwalimu kabla hajachapwa tena. Majibu ya vipimo ukishayapata, niandikie.